Namna ya Kupepeta Picha: Mwongozo wa Kuishi na Picha za Kidijitali na Uhalisia Pepe, Kutoka Bagamoyo

Bibi yangu mzaa mama alipovikwa miwani ya uhalisia pepe kwa mara ya kwanza, sebuleni kwake Dunda, aligeuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia, akakiinua kuitazama ncha ya mnara wa kaburi mojawapo la magofu ya kale ya Kaole, kisha akauliza, "Mbona upepo hauvumi?" Miguu yake haimfikishi tena Kaole, ingawa ni mwendo wa kilomita zipatazo 5 tu kusini mwa mji, na picha ile ya nyuzi 360 ilikuwa imepigwa na wanafunzi wangu wiki mbili kabla. Alikuwa akiyaona makaburi anayoyajua tangu utotoni. Macho yake yalikubali kwamba yupo pale, na ngozi yake ikakataa. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu ya swali lile, maana naona picha zinazidi kutuzunguka na watu wa kuuliza kama upepo unavuma wanapungua.

Jina lenyewe la teknolojia hii lina somo ndani yake. Wengi huliunganisha pepe la "uhalisia pepe" na upepo, kama lilivyo katika "barua pepe". Lakini mkulima wa mpunga wa bonde la Ruvu analijua pepe jingine: punje iliyotimia umbo, yenye ganda zuri, ambayo ndani haina kiini. Katikati ya mpunga pepe halitambuliki kwa macho. Hutambulika mpunga unapopepetwa kwenye ungo, upepo ukalichukua na punje yenye uzito ikabaki. Mwenye kupepeta hauchukii mpunga wala hauogopi, anataka tu kujua kipi kitaingia chunguni. Nitaeleza hapa jinsi kaya, walimu na vijana wanaotembeza wageni wanavyoweza kuzipepeta picha kwa namna hiyo, kuanzia ile inayoingia kwenye simu alfajiri mpaka ile inayomfunika mtu macho yote mawili akadhani yuko kwingine.

Ijue picha ilivyotengenezwa

Kabla hujamfundisha mtoto kuishuku picha au kuiamini, mfundishe kwanza picha ni kitu gani. Picha ya kidijitali ni jedwali la namba. Mwaka 1957 Russell Kirsch, mtaalamu wa kompyuta nchini Marekani, aliisomesha mashine picha ndogo ya mwanawe mchanga na kuigeuza kuwa vijiraba, yaani pikseli, 176 kwa 176, na kazi hiyo ndiyo huhesabiwa mwanzo wa picha za aina hii. Mwaka 1975 Steven Sasson wa Kodak aliunda kamera iliyohitaji sekunde 23 kuandika picha moja ya pikseli 10,000 kwenye mkanda wa kaseti. Simu iliyo mfukoni mwako hufanya kazi ile ile kwa kasi isiyolinganishika, lakini ndani yake kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katika kamera nyingi, kila kijichumba cha kihisi, yaani sehemu inayopokea mwanga, kimefunikwa kwa kichujio cha rangi moja tu, nyekundu, kijani au bluu, kwa mpango uliobuniwa na Bryce Bayer katika miaka ya 1970. Kwa hiyo, kati ya namba tatu za rangi zinazoandikwa kwa kila pikseli, moja imepimwa na mbili zimekadiriwa kutokana na majirani. Juu ya hayo, simu nyingi za leo huchukua picha kadhaa kwa mguso mmoja, zikaziunganisha ili penye giza paonekane na penye mwanga mkali pasiungue, kisha zikalainisha ngozi na kukoleza anga.

Sisemi hayo ili mtu aidharau simu yake. Makadirio hayo yana msingi, kwa kuwa yameanzia kwenye mwanga uliotoka mahali fulani, saa fulani, ukaingia katika lenzi. Fanya zoezi hili na watoto jioni moja. Simameni mbele ya mlango wa nakshi katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo jua linapokaribia kuzama, mtazame mlango kwa dakika nzima bila simu, kisha mpige picha na kuilinganisha na mlango palepale. Mara nyingi mtakuta kivuli kilichokuwa cheusi machoni kimepata mwanga kwenye kioo, na anga iliyokuwa imefifia imekuwa bluu iliyokolea. Halafu ikuzeni picha mpaka vijiraba vionekane. Mtoto akishaviona vijiraba hivyo kwa macho yake ataelewa upesi jambo ambalo maelezo ya nusu saa hayampi, kwamba simu imesimulia kile ilichokiona, na kila msimulizi huongeza na kupunguza.

Baada ya hapo mweleze tofauti iliyo kubwa zaidi. Kuna picha iliyopokea mwanga wa mahali. Kuna iliyopokea mwanga kisha ikahaririwa. Na kuna iliyobuniwa na akili mnemba, ambayo haikupokea mwanga wowote wa pale inapodai kupaonyesha. Aina ya pili ilikuwapo kabla ya simu za kamera: jarida la National Geographic, katika jalada lake la Februari 1982, lilizisogeza kwa kompyuta piramidi za Giza zikaribiane ili zienee kwenye ukurasa wa wima. Aina ya tatu ilipata nguvu baada ya mwaka 2014, Ian Goodfellow na wenzake walipoeleza namna ya kushindanisha mitandao miwili ya kompyuta, mmoja ukibuni na mwingine ukikagua, na tangu mwaka 2022 mtu wa kawaida mwenye intaneti ameweza kuandika sentensi akapewa picha. Machi 2023 watu wengi duniani waliamini picha ya Papa Francis akiwa amevaa koti kubwa jeupe la baridi, ambalo hakulivaa. Programu hizi hufunzwa kwa mamilioni ya picha za watu wengine. Ukiiomba mojawapo ikuonyeshe barabara ya Bagamoyo ya karne ya 19, itakupa mchanganyiko wa pwani nyingi, na huenda paa, mlango na kanzu vikawa vya nchi nyingine kabisa. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya picha yoyote ni hili: je, mwanga wa mahali hapa uliingia katika kamera? Mtoto wa darasa la nne anaweza kulikariri na kulitumia.

Idai silsila yake

Mji wetu haukuanza leo kujua kwamba neno lina ukoo. Hapa ndipo Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya na aliyefariki mwaka 1931, alipoiimarisha tarika ya Kadiria, na wenye tarika wanajua silsila ni nini: huyu amepokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwenye chanzo. Mwanafunzi wa madrasa naye anajua kwamba hadithi hupimwa kwa wapokezi wake kabla ya kupimwa kwa utamu wake. Tuipe picha kipimo hicho hicho.

Picha inayoshtua ikiingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo au la mtaa, usiisambaze. Mwulize aliyeituma ameipata kwa nani. Ikiwa ni mkubwa wako, mfuate faraghani, kwa shikamoo na kwa sauti ya kutaka kujua, maana mjomba akiona anasutwa mbele ya wapwa zake ataitetea hata picha asiyoijua asili yake, na hapo mmeshapoteza picha na undugu kwa pamoja. Ukimfikia mpigaji, mwulize alisimama wapi, lini, na kilichotokea kabla na baada. Mnyororo ukikatikia kwa mtu anayesema ameikuta tu mtandaoni, picha hiyo haina mwenyewe, na haifai kutumika kumhukumu mtu wala kuuza kiwanja. Tumia pia huduma ya kutafuta kwa picha, kama Google Lens, uone kama imewahi kutokea zamani na kwa maelezo mengine. Picha nyingi zinazopotosha ni picha za kweli zilizohamishwa kutoka nchi nyingine au mwaka mwingine. Ukihitaji faili lenyewe, omba utumiwe kama hati, kwa sababu WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana na kuondoa taarifa za saa, kifaa na mahali zilizokuwa zimeandikwa ndani yake.

Kisha ipeleke picha kwenye ardhi. Hili ndilo jambo ambalo mkazi wa Bagamoyo anaweza kulifanya kuliko mtaalamu yeyote wa mbali, na ningependa kila kijana wa hapa alijue kwa moyo. Pwani yetu inatazama mashariki, upande wa Unguja. Jua huchomoza baharini na kuzama bara, nyuma ya minazi na nyumba. Picha inayoonyesha jua likizama katika maji huku maandishi yakidai ni ufukwe wa Bagamoyo, ama ni ya alfajiri iliyoitwa jioni, ama ni ya pwani nyingine. Kibla chetu nacho kiko karibu kabisa na kaskazini. Ukisimama katika msikiti mkongwe wa Kaole ukiuelekea mihrabu, bahari iko mkono wako wa kulia, mwanga wa asubuhi unatokea kulia na vivuli vinaangukia kushoto. Picha ya asubuhi inayoonyesha kinyume chake imegeuzwa kama kwenye kioo cha kujitazamia. Hata kivuli cha adhuhuri kina kalenda yake: kwa kuwa tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kivuli cha saa sita mchana huanguka upande wa kusini mwezi Juni na upande wa kaskazini mwezi Desemba. Mvuvi ataongeza vipimo vyake, vya maji kujaa na kupwa, bamvua, na upepo wa kusi au kaskazi katika tanga. Muulizeni. Nimewahi kumwonyesha mzee mmoja wa soko la samaki picha iliyosifiwa sana ya ngalawa "za Bagamoyo", akaitazama mara moja tu akasema mafungo yale si ya huku.

Zipo programu zinazodai kuitambua picha ya akili mnemba. Zitumie kama tetesi, usizifanye kadhi, kwa kuwa hukosea pande zote mbili, zikaipitisha ya kubuni na kuikataa ya kweli. Na kosa la pili ni zito kama la kwanza. Mtu aliyepigwa picha akitenda ubaya sasa anaweza kusema, "Hiyo ni akili mnemba," na wengi wakamwamini. Mvuvi aliyepiga picha ya wenye kuvua kwa baruti anahitaji silsila kuliko mtu yeyote: alitunze faili la asili bila kulikata wala kulirembesha, aandike siku, saa na mahali, na amwonyeshe shahidi siku hiyo hiyo. Sheria nazo zipo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mwenye kusambaza picha za watu azisome.

Zilinde kumbukumbu za nyumbani

Habari za uongo za mtandaoni hunisumbua, lakini linalonisumbua zaidi ni dogo na liko ndani ya nyumba. Mpwa wangu aliichukua picha ya babu yetu, iliyokuwa nyeusi na nyeupe, akaipitisha kwenye programu ya simu ya kutia rangi. Ikatoka nzuri mno: kanzu nyeupe, koti la kahawia, kofia ya bluu. Haikupita miezi mingi, kwenye hitima, nikamsikia shangazi akiwasimulia wajukuu jinsi babu alivyoipenda kofia yake ya bluu. Kofia yenyewe ninayo, imetunzwa sandukuni, nayo ni nyeupe yenye uzi wa kahawia. Shangazi hakusema uongo, kwani alikuwa akiiona ile bluu kweli kweli, mbele ya macho yake, na sura ya baba yake ikiwa chini yake. Programu ilibahatisha rangi moja, na kumbukumbu ya miaka hamsini ikaipokea kama mgeni wa heshima.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2002 Kimberley Wade na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu wazima 20 walionyeshwa picha za utotoni mwao, moja ikiwa ya kughushi, iliyowaweka ndani ya puto kubwa la hewa moto katika safari ambayo hawakuwahi kuifanya. Baada ya mahojiano matatu, nusu yao walikuwa wakiikumbuka safari hiyo, nzima au sehemu yake. Tuzingatie kwamba mtu hakuongeza tu habari kichwani. Alijikuta ameishi siku ambayo haikuwapo.

Kwa hiyo, unapotaka habari za wazee, fuata utaratibu huu na usiugeuze. Anza na maneno. Kaa na bibi au babu picha ikiwa bado imefunikwa, mwache asimulie harusi, nyumba au safari kwa namna anavyoikumbuka, na urekodi sauti yake. Picha ya asili ifuate baadaye, nayo irekodiwe, kwa sababu atakayoyasema akiitazama ni ushahidi wa aina nyingine: atasahihisha, atalia, atataja majina ya watu waliosimama pembeni. Toleo lililotiwa rangi au lililofanywa litabasamu liwe la mwisho, au lisiwepo kabisa. Mimi sipendi yale yanayowafanya marehemu wasogeze midomo, na katika nyumba yangu nimeyakataa, kwa kuwa mtoto aliyemwona babu yake "akizungumza" kwa sauti ya kubuni hawezi kunyang'anywa kumbukumbu hiyo. Ukiliruhusu toleo la rangi, liandikie kwenye picha yenyewe, kwa herufi zisizokatika likitumwa: rangi zimekadiriwa na kompyuta. Ya asili isifutwe kamwe.

Kuna na upande wa mpigaji. Linda Henkel wa Marekani alichapisha mwaka 2014 majaribio yaliyofanyika katika jumba la makumbusho, yakaonyesha kwamba waliopiga picha za vitu vizima walivikumbuka pungufu kuliko waliovitazama tu, ila waliosogeza lenzi kwenye sehemu ndogo ya kitu hawakupata hasara hiyo. Wanaotembeza wageni wachukue hapo kanuni ya kazi. Mfikishe mgeni kwenye kaburi la mnara, mwache aangalie kwanza, mwonyeshe vishimo ambamo vibakuli vya kaure ya China vilipachikwa, kisha mwambie achague kishimo kimoja akipige picha.

Kuivaa miwani na kuivua

Wazo la miwani hii ni la zamani. Mwaka 1838 Charles Wheatstone wa Uingereza alieleza kifaa cha vioo kinachompa kila jicho mchoro wake, ubongo ukaiunganisha michoro miwili na kuona kina. Na mwaka 1968 Ivan Sutherland, nchini Marekani, aliwasilisha kifaa cha kuvaa kichwani ambacho taswira yake, iliyochorwa na kompyuta, ilibadilika kadiri kichwa kilivyogeuka. Miwani ya leo hufanya hayo mawili pamoja. Hulipa kila jicho picha yake, kwa kuzingatia umbali kati ya macho, ambao kwa mtu mzima ni wastani wa milimita 63, na vihisi vyake hufuata kichwa ili taswira isogee ndani ya milisekunde zipatazo 20. Ikichelewa zaidi, kiinimacho huvunjika na kichefuchefu huanza. Kichefuchefu huja pia mandhari inapokwenda mbele na wewe umekaa, kwa sababu macho yanaripoti mwendo na sikio la ndani, linalopima mizani ya mwili, linaripoti utulivu. Abiria wa jahazi anaijua hali hiyo kwa upande wake wa pili: aliyejifungia chini akitazama ubao hutapika mapema kuliko aliye juu anayeutazama upeo wa bahari.

Mvaaji akae kwenye kiti imara au mkekani, na mtu mwingine awe karibu naye. Anza na dakika 10, kwa picha iliyotulia, usianze na ile inayokimbia au kuruka. Akianza kutokwa jasho, kupiga miayo mfululizo au kunyamaza ghafla, mvue, wala usimhimize avumilie. Asipande bodaboda mpaka kichwa kitulie. Kwa watoto, soma umri uliowekwa na mtengenezaji. Baadhi wameweka miaka 13, na Meta ilishusha umri kuwa miaka 10 mwaka 2023 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Mimi nasubiri zaidi ya hapo, na sababu yangu ni utafiti wa Kathryn Segovia na Jeremy Bailenson wa mwaka 2009, ambao katika huo baadhi ya watoto wa madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi, baada ya kuonyeshwa katika uhalisia pepe wakiogelea na nyangumi, walikuja kuamini kwamba jambo hilo liliwatokea. Mtoto wa pwani aliyeamini kwamba amewahi kuogelea kwenye maji makuu anaweza kuyaendea maji makuu.

Kabla ya kumvika mtu miwani, mwambie ataona nini, nani aliitengeneza na kitu gani hakimo. Usimshtukize. Anapoivua, mpe muda wa kurudi: afumbe macho, aguse sakafu kwa viganja, anywe maji, kisha ataje vitu vitatu ambavyo mahali penyewe vingekuwepo na ndani ya miwani havikuwepo. Wanafunzi wangu mwanzoni hutaja upepo na harufu. Wakizoea hutaja mambo mazito zaidi: kwamba hakuna mtu aliyewajibu salamu, kwamba wasingeweza kuinama kuokota kigae, kwamba hakuna aliyekuwa akiwaona wao. Hilo la mwisho alilisema binti wa kidato cha pili, na sijapata kulisikia likielezwa vizuri zaidi. Mahali halisi hututazama pia. Mlinzi wa magofu anatuona tukikanyaga tusipotakiwa, wanaokwenda kuzuru makaburi wanatuona tumevaaje.

Bibi naye alirudi kwa njia yake. Baada ya kuuliza upepo, alisema mikoko imesogea, kwamba alipokuwa msichana ukisimama penye yale makaburi uliyaona maji kwa karibu zaidi. Kaole ilikuwa bandari, na ni matope na mikoko iliyoziba njia ya vyombo vyake. Hayo yamo katika vitabu, lakini kipimo cha macho ya bibi hakimo. Nilikirekodi siku hiyo hiyo. Tangu hapo nimeitumia miwani kwa wazee zaidi kuliko kwa vijana, kwa kuwa kijana huichukua picha kama ilivyo, na mzee huisahihisha.

Kuitengeneza ya kwako kwa uaminifu

Atakayeamua kuzirekodi sehemu zetu awe anajua kwamba kazi hiyo ina thamani. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepima kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, na kanisa la Notre-Dame la Paris lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, vipimo vya leza alivyokuwa amevichukua Andrew Tallon miaka kadhaa kabla vilikuwa miongoni mwa rekodi walizozipata warejeshaji. Matumbawe na chokaa ya Bagamoyo huliwa na mvua na chumvi kila mwaka, nasi hatuna haja ya kungoja leza. Simu nzuri inatosha kwa fotogrametria, njia ambayo kompyuta hulinganisha alama zile zile katika picha nyingi na kukokotoa kina chake.

Pata kwanza kibali kwenye ofisi iliyopo magofuni. Nenda asubuhi yenye mawingu, vivuli vikiwa laini. Zima urembeshaji wote wa simu na usibadili ukuzaji katikati ya kazi. Lizunguke kaburi kwa miguu, hatua ndogo ndogo, usisimame mahali pamoja na kugeuka tu, na hakikisha kila picha inarudia karibu theluthi mbili ya ile iliyotangulia. Zunguka mara ya pili ukiwa umechuchumaa. Weka kando yake ufito wenye alama za sentimita 10, bila huo umbo litatoka zuri lakini lisilo na ukubwa. Usipande juu ya kaburi kwa ajili ya picha yoyote. Wapo watu katika fremu? Waulize, na anayekataa asishawishiwe.

Ukitaka kwenda mbele na kulijenga upya jengo ndani ya kompyuta, tenganisha unachokijua na unachokikisia. Mkataba wa London wa mwaka 2006, unaohusu taswira za kompyuta za urithi wa kale, unadai uwazi huo, nami naona njia rahisi kuliko zote ni rangi: kuta zilizopo ziachwe na sura yake, na paa, milango na mapambo ya kukisia yawe kijivu kitupu, ili mtazamaji wa miaka ishirini ijayo asije akaikumbuka kofia ya bluu. Hata jina la mji lina maelezo zaidi ya moja, la mpagazi aliyefika pwani akapumzisha moyo na la mtumwa aliyeukatia tamaa. Anayetengeneza taswira ya Caravan Serai, jengo la zamani la misafara hapa mjini, asichague moja kimyakimya. Na asimfanye mgeni kuwa mtumwa. Nimeombwa kusaidia taswira ya namna hiyo, yenye minyororo mikononi mwa mvaaji, nikakataa, kwa kuwa watu wale walikuwa na majina, na dakika tano za kuwaigiza humpa mgeni imani kwamba ameyajua yasiyojulikana kwa njia hiyo. Mwonyesheni njia, ua, mzigo wa pembe na uzito wake. Mwacheni asimame pembeni kama shahidi.

Mwisho wa kazi, kila faili lipewe jina linalobeba silsila yake. Hivi ndivyo wanafunzi wangu walivyoliandika la kaburi alilolitazama bibi: "Kaole, kaburi lenye mnara, limepigwa kutoka upande wa kibla, asubuhi, maji yamepwa, halijahaririwa, upepo wa kusi ulikuwa ukivuma." Nakala moja iko shuleni, moja kwenye diski nyumbani kwangu, na ya tatu imechapishwa kwenye karatasi na kutiwa katika sanduku lile lile lenye kofia ya babu.